Chipu ndogo si chipu ya maskini

Kwa wenye hawakufuata mambo: tangu mwezi uliopita grupu letu linagawanyika juu ya chumba cha ordinatere. Muchango umeingia, si mwingi, lakini umeingia, na lazima tuamue tutanunua nini ili wanafunzi wenye kuandika TFC waache kulipa kila ukurasa kwa watu wa sekretariati za barabarani. Kundi moja linataka tour za zamani zenye kutoka Ulaya, zenye chipu ya Intel Core i5 ao i7. Kundi lingine, na mimi niko ndani yake, linataka ordinatere ndogo za aina ya Raspberry Pi, zenye zinaenea mukononi na zenye kutumia chipu ya ARM. Jumamosi ndugu mumoja akatuma video ya kulinganisha. Mistari mbili ya rangi: ule wa i7 murefu sawa nguzo ya antene, ule wa chipu ndogo mufupi sawa kisiki. Watu wakacheka. Yaya mumoja akaandika kwamba hicho ni kichezeo cha watoto, na mazungumzo yakafia pale.

Ninaandika juu ninataka yafufuke. Ile video haikudanganya, namba zake ni za kweli. Lawama yangu ni ingine: ilipima kitu chenye hatuna shida nacho, na sisi tukakubali kipimo bila kuuliza kilitengenezwa kwa ajili ya nani.

(Ninaposema chipu sisemi kadi ya SIM, hata kama hapa kwetu jina moja linatumikia vyote viwili. Ninasema kile kipande cha silisiamu, kidogo kuliko ukucha, chenye kufanya hesabu zote ndani ya telefone ao ordinatere.)

Wenzangu wa agronomia wanakumbuka pipa la Liebig. Justus von Liebig, Mujerumani wa karne ya 19, alieneza sheria yenye Carl Sprengel alikuwa amekwisha kuandika mbele yake: mumea haukui kulingana na chakula chenye kiko kingi, unakua kulingana na kile chenye kimepunguka zaidi. Pipa lenye mbao ndefu 9 na ubao 1 mufupi linajaa paka mpaka ule mufupi. Ukitia azoti katika shamba lenye halina fosforo, umetupa pesa yako. Sasa uniambie, hapa Kindu ubao mufupi ni gani? Ni mwendo wa chipu? Sijaona mutu mwenye alishindwa kumaliza TFC juu ukurasa ulichelewa nusu sekunde kufunguka. Wameshindwa juu umeme ulikatika. Wameshindwa juu esanse ya grupe iliisha saa tatu usiku, ao juu batri ilizimika wakiwa Alunguli na fasi ya kusharji yenye wanazoea iko ngambo ingine ya muto. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba katika inchi yetu nzima karibu mutu 1 tu kati ya 5 ndiye iko na umeme, na sisi tunajua kama hata yule mumoja haupati kila siku.

Basi tufanye hesabu, sawa tunavyofanya hesabu ya mbolea. Tuseme tuko na pano ya jua ya wati 200. Kwa saa 5 za jua la kweli inatoa wati-saa 1000. Toa hasara ya batri, ya nyaya, ya vumbi, ya mawingu ya mwezi wa 11, tubaki na 700. Tour ya zamani pamoja na ekra yake inakula karibu wati 100 wakati inafanya kazi. Kwa saa 6, hiyo ni 600. Maana yake: pano moja, tour moja, mwanafunzi mumoja. Raspberry Pi 4 inakula karibu wati 6 kwa kazi ya kawaida. Ongeza ekra ndogo ya wati 15, jumla 21. Kwa saa 6, ni 126. Pano ile ile inalisha mashini 5, na wati-saa 70 zinabakia za kusharji telefone. Tena muone: katika zile wati 21, 15 ni za ekra. Chipu yenyewe imetoka katika orodha ya matatizo.

Video ilipima mavuno kwa chipu. Sisi tunahitaji mavuno kwa wati. Ni sawa mutu akuletee muhindi wenye kutoa tani 8 kwa hektari kwenye stasiyo yenye maji na mbolea ya kila aina, halafu acheke muhindi wa tani 2 na nusu wenye bibi wa Kailo anapanda bila chochote. Apande ule wake katika shamba la yule bibi, tuone.

Na neno hili la "kichezeo" linaniuma kwa sababu ingine: linafanya watu wafikiri kwamba chipu yenye kula umeme kidogo ni chipu kubwa yenye ilipunguzwa ili kusaidia wenye hawana. Historia iko kinyume.

Mwaka 1983, kule Cambridge, Uingereza, kampuni Acorn ilikuwa imetengeneza ordinatere za masomo kwa ajili ya BBC na ilitafuta chipu mupya. Zenye zilikuwa sokoni hazikuwapendeza. Wakaamua kuchora yao wenyewe. Sophie Wilson akatunga amri zenye chipu itafuata, Steve Furber akachora mutambo wenyewe. Hermann Hauser, mukubwa wao, alizoea kusema kwa kuchekesha kwamba aliwapa vitu viwili vyenye kampuni kubwa hazijawapa wachoraji wao hata siku moja: kukosa pesa na kukosa watu. Juu walikuwa wachache, walilazimika kuchora kitu chepesi. ARM1 ilikuwa na transista karibu 25 000. Intel 80386, ya mwaka ule ule wa 1985, ilikuwa na 275 000.

Na kwa nini ilikula umeme kidogo? Si juu ya kulinda mazingira, wala juu ya telefone, juu telefone za mufukoni hazikuwa ndani ya mupango. Walitaka kuifunga katika plastiki, juu kifuniko cha seramiki kilikuwa bei kali. Plastiki haivumilii joto. Basi wakajiwekea mupaka: isipite wati 1. Hawakuwa na vyombo vya kupima muzuri mbele ya kutengeneza, kwa hiyo wakachunga kila fasi, mpaka wakajikuta chini sana ya mupaka. Chipu ya kwanza ilifika tarehe 26/4/1985 na ikafanya kazi siku ile ile. Furber anasimulia kwamba alipotia ampermetre ili kujua inakula umeme kiasi gani, sindano ilibaki kwa sifuri. Akatafuta kosa. Akakuta umeme wa chipu haukuwa umeunganishwa kabisa: chipu ilikuwa inafanya hesabu na ule umeme kidogo wenye ulikuwa unavuja kutoka kwa mitambo jirani yake.

Ninapenda kisa hiki kuliko vingine vyote vya teknolojia, na ninakirudilia kwa kila mutu mwenye anakubali kusikiliza. Kule hakuna mutu alihurumia maskini. Kuko watu wenye walikuwa na ubao mufupi wao, yaani pesa ya kifuniko, wakachora kufuatana na ule ubao.

Kutoka pale mambo yalikwenda polepole. Mwaka 1990 Acorn, Apple na VLSI Technology wakaanzisha kampuni ARM, yenye ikafanya kazi ya kuuza michoro tu: wewe unalipa, unatengeneza chipu yako. Nokia 6110, ile ya muchezo wa nyoka, ilikuwa na muchoro wa ARM ndani yake. Wakati ule Intel ilikuwa inatawala ordinatere za mezani na haikuona hatari. Hata ilikuwa na chipu yake ya aina ya ARM, XScale, na mwaka 2006 ikaiuzisha kwa Marvell. Apple iliwauliza kuhusu chipu ya iPhone, wakaacha. Paul Otellini, wakati alikuwa anatoka kwenye ukubwa wa Intel mwaka 2013, alikubali kwamba bei yenye Apple ilikuwa tayari kulipa ilikuwa chini ya gharama yenye Intel ilikadiria, na kwamba makadirio yale yalikuwa ya makosa. Walipoamka, walikuja na Atom, na mwaka 2014 wakawa wanasaidia watengenezaji wa tablete kwa pesa ili waitumie. Tablete zaidi ya milioni 40 zikatoka. Hasara ya idara yao ya telefone na tablete ikapita dola miliardi 4 kwa mwaka ule mumoja. Mwaka 2016 wakaacha chipu za telefone.

Mutu anaweza kusoma hii sawa hadisi ya sungura na tembo. Mimi hapana, juu sungura amenenepa. SoftBank ya Japani ilinunua ARM mwaka 2016 kwa dola karibu miliardi 32, na leo ni wengine wenye wanalalamika kwamba ARM inawatoza. Ndiyo maana kuko RISC-V, yenye ilianza Chuo Kikuu cha Berkeley mwaka 2010: amri zake ziko wazi, mutu yeyote anaweza kuchora chipu juu yake bila kulipa ruhusa. Kwa mukulima tofauti inaeleweka haraka. ARM ni mbegu ya hibridi yenye unarudi kununua kila musimu. RISC-V ni mbegu yenye unaweza kuweka katika gala yako. Lakini gala bado iko na mbegu chache, na mashini zake hazijafika kwenye maduka yetu. Tuiache kwa sasa.

Tusifikiri pia kwamba kila chipu ndogo inafanikiwa. Mwezi wa 11, mwaka 2005, kule Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha ordinatere ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa inchi maskini, yenye kishikio cha kuzungusha na mukono ili kupata umeme. Dunia nzima ikapiga makofi. Ilipotoka mwaka 2007 kishikio hakikuwa tena, bei ilikuwa karibu dola 188, na ndani mulikuwa chipu Geode ya AMD. Intel ikaleta Classmate yake kwenye soko lile lile, halafu ikaingia katika mupango wa Negroponte mwezi wa 7, ikatoka Januari 2008, na maneno makali pande zote mbili. Jirani zetu wa Rwanda waligawa zaidi ya 200 000.

Watu wanaitaja leo sawa mufano wa kwamba mashini ya bei ndogo haifai. Ninaona wanakosea. Ile mashini ilikula wati chache tu, na ekra yake ilisomeka juani, kitu chenye telefone nyingi za bei kali zinashindwa mpaka leo. Shida ni kwamba iliuzwa kwa serikali, kwa maelfu, si kwa mutu mwenye ataitumia. Muzazi hakuichagua. Mwalimu hakuulizwa ataifundishia nini. Basi malalamiko yao hayakuwa na njia ya kufika kwa muchoraji, kwani mununuzi alikuwa waziri.

Telefone zenye ziko mufukoni mwetu zilipita mulango mwingine kabisa. Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, itel na Infinix, iliamua toka 2008 hivi kufanya kazi na Afrika, na ilichunguza soko sawa muchuuzi anavyochunguza: SIM mbili juu mitandao haifike fasi zote, batri kubwa juu umeme hauko, kamera yenye inaona uso mweusi. Ndani walitia chipu za MediaTek ya Taiwan na za Unisoc ya Shanghai. MediaTek haikushinda kwa mwendo. Ilikuwa inauza chipu pamoja na muchoro mzima wa telefone na programu zake, sawa mutu anakuuzia mbegu, mbolea na kalenda ya kupanda katika mufuko mumoja. Mwishoni mwa 2020 ilipita Qualcomm kwa wingi wa chipu za telefone duniani. Wengi wenu mnasoma maneno haya kupitia moja ya hizo chipu, hata yaya wetu wa "kichezeo".

Lakini hapa ndipo ninageuka na kuwalaumu wale wenye ninawasifu.

Telefone nyingi za bei ya chini zinabaki na Android ile ile yenye zilitoka nayo kwenye karto. Memori ni gigabaiti 1 ao 2. Na programu hazibaki fasi moja: kila mwaka zinakuwa nzito, juu wenye kuziandika wako na telefone za dola 800 na hawasikii uzito. Mwaka jana nilikuwa ninafanya uchunguzi wa mashamba ya mupunga kwenye njia ya Kalima. Telefone yangu, ya bei ndogo kabisa, ilikuwa inakaa siku mbili bila kusharji, na ninaisifu kwa hilo. Siku ya tatu nilipata mutandao, programu ya kukusanya majibu ikajipyaisha yenyewe, na kutoka pale kila fomu ilichukua dakika nzima kufunguka. Mukulima yuko mbele yangu na jembe mukononi, ananiangalia, mimi ninaangalia duara lenye kuzunguka. Nikamaliza na kalamu na karatasi. Batri ilikuwa bado 60 kwa mia.

Angalia pia KaiOS, ule mutambo wa telefone ndogo za kubonyeza. Toka 2019 WhatsApp ilikuwa ndani yake, na kwa wanunuzi wengi hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuinunua. Mwezi wa 6, 2024, WhatsApp ikaacha kupatikana kwa watumiaji wapya, na kwa wenye walikuwa nayo ikapewa tarehe ya kufa mwanzoni mwa 2025. Toka 1/1/2025 pia ikakataa Android 4.4. Chipu za telefone zile hazikuchoka. Zingefanya hesabu zile zile miaka mingine 10. Kwa hiyo ninyi wenye kusema chipu ndogo inashindwa na Intel ao Qualcomm, mumekosea adui: inashindwa na mwandikaji wa programu, na muuzaji mwenye anajua hilo lakini anapenda urudi dukani.

Kwa haki niseme jambo moja la upande wa wakubwa, na linatuhusu watu wa Maniema. Katika mashini zote, yenye i7 na ya itel, vipande vimeshikamana na ubao kwa bati, na toka Ulaya ilikataza risasi katika soda ya vyombo hivi mwaka 2006, soda yenye inatumika zaidi ni bati kupita 95 kwa mia. Bati linatoka katika kasiterite, ile yenye wazee wetu walichimba Kalima kwa Symétain na wajukuu wanaichimba leo. Wakati sheria ya Marekani ya 2010 ilianza kuuliza madini yanatoka wapi, na serikali yetu ikafunga machimbo ya Maniema na Kivu zote mbili mwezi wa 9 mwaka ule mpaka mwezi wa 3, 2011, sote tuliona soko lilivyokauka. Ni Intel, siyo muuzaji wa chipu za bei ndogo, ndiyo ilisimama mbele Januari 2014 na kutangaza kwamba chipu zake hazina madini ya vita. Bei ndogo na dhamiri ni hesabu mbili.

Turudi kwa chumba chetu. Sitaki mukubali neno langu bila kuona mabaya yake.

La kwanza, ile dola 35 yenye Raspberry Pi ilianza nayo tarehe 29/2/2012 haifike Kindu. Hesabuni moduli yenye memori ya kutosha, kifuniko, kadi, shargere, klavye, halafu ndege. Na katika 2021 na 2022 zilikosekana dunia nzima. La pili, inasoma mutambo wake kwenye kadi ndogo ya memori, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika. Bila batri katikati, tusijaribu. La tatu ndilo zito: tour ikiharibika, vijana wa sokoni wanaifungua, wanabadilisha kipande, inarudi. Hii ndogo, chipu na memori vimeshikamana juu ya ubao mumoja; ikikufa, imekufa. La ine ni la wanafunzi wa ekonomia na saikolojia: SPSS haitatembea juu yake. R inatembea, QGIS inatembea, LibreOffice inatembea. Lakini mwalimu mwenye anadai majedwali ya SPSS hatabadilika juu ya sisi kununua mashini ya wati 6.

Kwa hiyo pendekezo langu si lile la mwanzo wa mazungumzo. Ndogo 4 kwa kuandika na kutafuta, juu ya pano. Tour 1 tu, iwekwe kando, iwashwe siku za grupe kwa kazi ya SPSS. Na kadi 2 za akiba zenye mutambo umekwisha kuandikwa, zikae kwa katibu.

Yaya, siandiki ili kukushinda mbele ya watu. Rafiki mumoja wa ISTA amekubali kuniazima kipimo cha wati, kile cha kuchomeka ukutani. Jumamosi, saa tisa, nitakuja nacho pamoja na Raspberry Pi ya kuazima. Wewe lete tour yenye unapenda zaidi. Tutafungua TFC ile ile juu ya zote mbili, kurasa 60 na majedwali, na mutu mwenye hakuchangia katika mabishano haya ndiye atasoma namba kwa sauti.